Gari linamisi tena baada ya kubadilisha plagi mara mbili: je, plagi ndizo mbovu, au kuna kitu kinachoziua?

#1 Mwanamikindani

Salaam wakuu. Ninaendesha Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, na kazi yangu ni kusambaza madaftari na vitabu kutoka Mtwara mjini hadi Tandahimba na Newala mara mbili kwa wiki. Mwezi Machi gari lilianza kuonyesha dalili ambazo mwanzoni nilizichukulia kuwa ni uzee tu. Asubuhi starta ilikuwa inazunguka muda mrefu kabla injini haijashika, na gari likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, usukani ulikuwa unatetemeka mkononi, huku kioo cha ndani kikicheza kiasi kwamba gari lililo nyuma yangu nililiona mbili mbili. Injini ikishapata moto, hali hiyo ilipungua. Baadaye ikaja dalili iliyonitia hofu zaidi: nikianza kuupanda uwanda wa Makonde nikiwa na mzigo, nikikanyaga mafuta hadi nusu, gari lilikuwa linashtuka na kukata nguvu, kisha linarudi, kisha linakata tena, ndiko kumisi kwenyewe.

Fundi aliniambia ni plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, akafunga nne mpya kwa shilingi 8,000 kila moja. Gari likawa zuri kwa wiki tatu. Tatizo liliporudi, akafunga nyingine nne, na sasa ni wiki ya sita tangu siku hiyo na tumerudi kulekule. Mafuta niliyokuwa nikitumia kwenda Newala na kurudi sasa hayanifikishi nyumbani.

Jana niliamua kuzifungua mwenyewe injini ikiwa imepoa, nikazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda. Ya kwanza, ya pili na ya nne zina rangi ya kahawia iliyofifia, kama chai ya maziwa. Ya tatu ni nyeusi tii na ncha yake ina unyevu. Maoni yangu ni kwamba plagi zinazoletwa huku kusini ni dhaifu na ndiyo maana hazidumu. Naomba wenye uzoefu mnieleze: mtu anatambuaje kwamba plagi imechoka yenyewe, na anatambuaje kwamba kuna kitu kingine kinachoiua?

#2 Fundi wa Mingoyo

Ndugu, umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawalifanyi, nalo ni kuziangalia plagi kabla ya kuzitupa. Hata hivyo, gazeti lako linapingana na dai lako. Plagi nne zilinunuliwa duka moja siku moja, tatu zinafanya kazi vizuri na moja imeharibika. Kama udhaifu ungekuwa wa plagi zenyewe, ni vigumu kueleza kwa nini silinda ya tatu pekee ndiyo iliyopata hasara, tena mara mbili mfululizo kama na safari ile ya kwanza ilikuwa ni hiyohiyo.

Nikijibu swali lako, plagi iliyochoka kwa umri huchoka polepole na mara nyingi zote huchoka kwa pamoja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 1,500 katika dakika hiyohiyo, na kila cheche inabeba chembe ndogo mno ya chuma kutoka kwenye elektrodi, yaani zile ncha mbili ambazo cheche inaruka kati yake. Pembe zilizokuwa kali zinakuwa za mviringo, na mwanya kati ya ncha hizo unapanuka. Kwa injini yako mwanya unaotakiwa ni milimita 1.1, na ndiyo maana plagi zake nyingi namba yake inaishia na 11. Mwanya ukipanuka, koili, kifaa kinachoipa plagi umeme mkubwa, inalazimika kupandisha umeme zaidi ili cheche iruke. Hapo ndipo unapoona starta inazunguka sana asubuhi, injini inatetemeka ikiwa sailensa, ulaji wa mafuta unaongezeka na harufu ya petroli mbichi inatoka kwenye ekzosi.

Mlimani dalili huonekana kwanza kwa sababu ukikanyaga mafuta, hewa inayobanwa ndani ya silinda inakuwa nyingi, na cheche hupata shida zaidi kupenya hewa iliyobanwa kuliko hewa iliyolegea. Plagi inaweza kuwaka vizuri ukiishika mkononi gereji na ikashindwa kabisa ikiwa na kazi.

#3 Koroshobora

Mimi ninaona mmesahau jambo ambalo liko mbele ya macho yetu. Sisi huku tunapulizia mikorosho salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na msimu ukifika hewa yote ya Tandahimba na Newala inajaa unga wa njano. Bomba langu la kupulizia la mgongoni lina plagi moja tu, na kila msimu ninaibadilisha si chini ya mara mbili kwa sababu inajaa weusi unaonata. Gari linalopita katika mashamba hayo mara mbili kwa wiki linavuta unga huohuo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu.

#4 Mwalimu wa Nachingwea

Ndugu Koroshobora, nakuheshimu kwa korosho lakini hapa sikubaliani nawe. Bomba la mgongoni lina injini ya mizunguko miwili, ambayo inachoma petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo plagi yake kuwa nyeusi na yenye kunata ni jambo la kutarajiwa, hasa mtu akikadiria oili kwa macho badala ya kuipima. Hata ungepulizia maji matupu, plagi ile ingechafuka.

Pili, mwenye uzi amesema dalili zilianza Machi, wakati kupulizia salfa hakujaanza. Tatu, hewa ya silinda zote nne inapita katika ea klina moja, yaani chujio la hewa. Vumbi likiziba ea klina, plagi zote zitaelekea kwenye weusi. Jambo ninaloliunga mkono ni kwamba ea klina ikaguliwe, kwa sababu vumbi la barabara za huku halina huruma. Nilifungua ya kwangu baada ya safari mbili za Liwale, nikaigonga sakafuni, na mchanga uliodondoka ulijaa kiganja.

#5 Chumvi ya Lindi

Tatizo ni hewa ya bahari. Ninaishi karibu na mashamba ya chumvi, na gari langu lilikuwa na dalili zote alizozitaja mwenye uzi. Plagi zilikuwa nzima na koili zilikuwa nzima. Fundi mmoja mtulivu alichomoa soketi ya nyaya inayoingia kwenye koili ya pili, akaniita nichungulie. Vile vipini vidogo vya ndani vilikuwa vimeota unga wa kijani, na kimoja kilikuwa kimeliwa hadi kimekuwa chembamba kama sindano ya kushonea. Umeme ulikuwa unafika pale unapopenda. Asubuhi, umande ukiwa umeshuka, gari lilikuwa linamisi; jua likipanda, linapona. Walibadilisha soketi hiyo pekee na tatizo likaisha. Mikindani iko ufukweni, kwa hiyo achunguze soketi ya silinda ya tatu kabla hajanunua kitu chochote.

Tafadhali pia aseme kama injini huoshwa kwa maji ya presha. Maji yakituama kwenye shimo la plagi hayana pa kutokea, na yatachemka humo na kuotesha kutu shingoni mwa plagi.

#6 Dereva wa Nangurukuru

Niongeze habari ya mafuta, maana watu wameisahau mapema mno. Waliokuwa barabarani kabla ya mwaka 2011 wanakumbuka jinsi petroli na dizeli zilivyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, hadi serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa katika bajeti ya mwaka huo ili kuondoa faida ya kuchanganya. Uchakachuaji ulipungua, lakini petroli inayouzwa kwa madumu na chupa katika vijiji vyetu haina anayeikagua. Mafuta ya taa yakiingia kwenye injini ya petroli hayaungui vizuri. Yanaacha masizi kwenye plagi na yanafanya injini igonge mlimani.

Mwaka juzi niliishiwa mafuta kati ya Somanga na Nangurukuru, nikanunua lita tano za dumu. Kabla sijafika Kilwa Masoko, gari lilianza kugonga na kukata nguvu. Plagi zilipofunguliwa zote nne zilikuwa na masizi makavu, ukipitisha kidole kinatoka cheusi kama cha mtu aliyeshika sufuria ya kuni.

#7 Mwanamikindani

Nawashukuru nyote. Ninajaza mafuta kituo kimoja cha mjini na sijawahi kununua ya dumu. Pia, kama alivyosema Mwalimu kuhusu hewa, tangi ni moja na silinda ni nne, kwa hiyo mafuta mabaya yangezidhuru zote kama zilivyodhuru za ndugu yetu wa Nangurukuru. Kuhusu kuosha: ndiyo, mwezi Februari injini ilioshwa kwa presha kabla ya ukaguzi. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili hadi niliposoma ujumbe namba 5.

Safari ile ya kwanza plagi za zamani zilibaki kwa fundi, kwa hiyo siwezi kusema ya tatu ilikuwa na hali gani.

#8 Dada wa Tandahimba

Naomba kuuliza hapohapo. Fundi wangu alinionyesha utepe wa kahawia uliozunguka ile sehemu nyeupe ya kauri, juu kidogo ya chuma cha kufungia, akasema ni ushahidi kwamba plagi inavujisha moto wa ndani na lazima zibadilishwe zote. Nililipa. Mwezi mmoja baadaye zile mpya nazo zilikuwa na utepe uleule, na gari halikuwa na tatizo lolote. Je, nilidanganywa?

#9 Mzee wa Ruangwa

Wanangu, sisi tulioendesha magari ya kabureta hatukuwa tukitupa plagi ovyo. Plagi ikiwa nyeusi unaiosha kwa petroli, unaipiga brashi ya waya, unapitisha msasa kwenye elektrodi, unarekebisha mwanya kwa kipande cha msumeno wa chuma, kisha unaendelea na safari. Kama inarudia weusi, unanunua plagi ya moto zaidi, ile ambayo ncha yake hubaki na joto, yaani yenye namba kubwa zaidi. Mpeni kijana ushauri huo atapunguza gharama.

#10 Fundi wa Mingoyo

Dada wa Tandahimba, sidhani kwamba alikusudia kukudanganya, kwa sababu mafundi wengi wamefundishwa hivyo na waliowatangulia. Utepe huo hautokani na moto wa ndani. Umeme mkubwa unaopita katika kauri unavuta chembe za oili na vumbi zilizo katika hewa, nazo zinaganda mahali pale. Plagi yenye utepe huo ni nzima. Unachopaswa kukiogopa ni mstari mwembamba mweusi unaoshuka kwa urefu wa kauri, kama mchoro wa penseli. Huo ni njia ambayo cheche imejitengenezea kwa nje badala ya kuruka katika mwanya, na ukiuona, badilisha plagi pamoja na mpira wa koili, kwa maana mpira nao una mstari huohuo kwa ndani na utaiharibu plagi mpya.

Mzee wangu wa Ruangwa, shikamoo. Uliyoyasema yalikuwa sahihi kwa plagi za wakati ule, isipokuwa mambo mawili ambayo naomba kuyarekebisha kwa adabu. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, siyo ya moto zaidi. Kwa Bosch na Champion mpangilio ni kinyume chake, na nadhani ndizo mlizokuwa mkizitumia. Mtu akichanganya mifumo hiyo miwili, anaweza kufunga plagi ya baridi mahali ambapo tayari kuna masizi. Ncha ya plagi inahitaji kufikia takriban nyuzi 500 ili iunguze masizi yake yenyewe, na ikizidi takriban nyuzi 850 inaanza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche, jambo linaloweza kutoboa pistoni.

La pili ni brashi ya waya. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba, nyingine milimita 0.4 tu. Ukiipiga brashi umeimaliza, na faida ya kudumu hadi karibu kilomita 100,000 imeondoka. Hata za kawaida, brashi huacha mikwaruzo ya chuma juu ya kauri na umeme unapita humo.

#11 Mzee wa Ruangwa

Marahaba. Ni kweli, zilikuwa Champion. Nimejifunza. Lakini kuhusu kuzifungua na kuzitazama kila baada ya muda, hilo silibadilishi.

#12 Boda wa Chuno

Kuna kipimo cha usiku ambacho hakijatajwa. Pikipiki yangu ilikuwa inamisi wakati wa mvua tu. Nikaiweka ukutani pasipo taa, nikaiwasha, nikainama kuitazama. Kulikuwa na nukta ya buluu inayoruka kutoka kwenye kofia ya plagi kwenda kwenye mapezi ya injini, na kila iliporuka ilitoa sauti kama ya mtu anayevunja kijiti kikavu. Nilibadilisha kofia pekee. Kwa gari lenye nyaya za plagi kipimo hiki kinafaa pia. Kwa IST, ambayo kila plagi ina koili yake juu na imezama shimoni, sidhani kama cheche hiyo itaonekana.

#13 Hilux ya Masasi

Nami nina Hilux ya dizeli inayosumbua kuwaka asubuhi, hasa nikilala Newala ambako kuna baridi. Je, nibadilishe plagi?

#14 Mwalimu wa Nachingwea

Gari lako halina plagi za cheche, kwa kuwa dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Lina hita plagi, ambazo zinapasha moto silinda kabla ya kuwasha. Zikiungua, dalili ni hiyo uliyoitaja pamoja na moshi mweupe wa dakika chache za mwanzo. Anzisha uzi wake, tutakuja.

#15 Mtu wa Msimbati

Kaka yangu yuko Dar es Salaam na gari lake limefungwa mfumo wa gesi asilia. Likitumia petroli halina kasoro, likihamia gesi linamisi kila anapokanyaga mafuta. Tulipokuwa tunaona bomba la gesi likitoka Madimba kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, sikudhani kwamba siku moja tutaulizana habari za plagi kwa sababu ya gesi yetu wenyewe. Alichoelezwa ni kwamba gesi hiyo inahitaji umeme mkubwa zaidi ili iwake kuliko petroli, kwa hiyo plagi ambayo inaelekea kuchoka hujulikana kwenye gesi kwanza. Walimpunguzia mwanya na tatizo likaondoka. Nimeitoa habari hii kwa sababu inaunga mkono maelezo ya ujumbe namba 2 kuhusu hewa iliyobanwa: plagi inaweza kupita mtihani mwepesi na ikashindwa mgumu.

#16 Muuza Spea Lindi

Nimesoma dai la kwanza kwamba plagi zinazoletwa kusini ni dhaifu, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu, naomba kulijibu. Plagi bandia zipo, na zinavaa majina ya kampuni kubwa za Japani, sitakataa hilo. Lakini zinatambulika. Chukua plagi mpya na ujaribu kuivua ile washa yake, yaani pete ya chuma ya kuzibia, kwa vidole: ya halali imebanwa, inazunguka lakini haitoki kirahisi, ilhali ya bandia mara nyingi inadondoka. Itazame ncha kutoka juu uone kama elektrodi ya kati imekaa katikati hasa, na kama chuma cha pembeni kimekuja juu yake sawasawa bila kupinda. Nyuzi za kufungia ziwe laini na zenye kung'aa bila mabaki ya chuma. Maandishi kwenye kauri yasifutike ukiyasugua.

Nimewahi kurudishiwa plagi na mteja aliyesema ni bandia, kumbe namba yake ilikuwa ya injini nyingine na nyuzi zake zilikuwa fupi. Ncha ilikuwa imejificha ndani ya hedi, yaani kichwa cha injini, haifiki kwenye mchanganyiko. Plagi ilikuwa ya halali, ila haikuwa ya gari lile.

#17 Mwanamikindani

Wakuu, nimerudi na majibu, ingawa hayajanipa utulivu.

Kwanza washa za plagi zangu hazitoki, ncha zimekaa katikati na namba inaishia na 11. Kwa hiyo dai langu la mwanzo nalilegeza, na namwomba radhi ndugu wa Lindi.

Pili, nimeazima mashine ya kusomea makosa. Ilionyesha P0303, yaani silinda ya tatu inamisi. Kwa kufuata ushauri ambao watu watatu walinitumia kwa faragha, nilihamisha koili ya tatu nikaipeleka ya pili, na ya pili nikaipeleka ya tatu, nikafuta kosa, nikaendesha hadi Nanguruwe na kurudi. Niliposoma tena nilipata makosa mawili: P0302 na P0303.

Tatu, nilipochomoa koili ya tatu, mpira wake ulikuwa umevimba na unateleza. Nilizungushia kitambaa kwenye bisibisi nikakishusha shimoni, kikatoka na oili nyeusi urefu wa vidole viwili. Mashimo mengine matatu ni makavu. Soketi ya koili ya tatu ina ukijani kidogo, siyo mkubwa kama ule wa ujumbe namba 5.

#18 Mwalimu wa Nachingwea

Basi jambo limejulikana. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, imechoka, oili inaingia katika shimo la tatu, na ndiyo inayolowesha plagi. Badilisha gasketi pamoja na zile ringi za mashimo ya plagi, safisha, funga plagi mpya, endelea na kazi.

#19 Fundi wa Mingoyo

Mwalimu, gasketi ibadilishwe, tunakubaliana. Lakini oili ya shimoni haiwezi kulowesha ncha. Ncha iko ndani ya silinda, na shimo liko nje ya silinda. Kati yake kuna nyuzi na washa iliyobanwa. Oili ya shimoni inaharibu mpira wa koili, na mpira ukiharibika cheche inashuka kwa nje. Unyevu wa ncha una asili nyingine, na mwenye gari anaweza kuujua bila mashine. Chukua karatasi nyeupe, ipanguse ncha ya plagi ya tatu mara tu inapotoka, subiri robo saa. Kama doa limekauka na kutoweka likaacha masizi tu, lilikuwa petroli isiyoungua, na maana yake cheche haikuwapo. Kama doa limebaki na karatasi inapitisha mwanga pale, ni oili, na inatoka kwenye ringi za pistoni au seali za valvu. Hapo plagi utazibadilisha hadi uchoke.

#20 Dereva wa Nangurukuru

Mbona hakuna anayetaja nozeli, ile inayonyunyizia silinda petroli? Kosa P0303 limebaki pale pale hata baada ya kuweka koili nzima kutoka silinda ya pili. Nozeli inayovuja inamwaga petroli zaidi ya inayohitajika, plagi inakuwa nyeusi na mbichi, hata cheche ikiwa nzuri. Sikubali kwamba ni lazima cheche ndiyo iliyokosekana.

#21 Fundi wa Mingoyo

Hoja yako ina nguvu na siwezi kuikataa nikiwa mbali na gari. Kosa lililohamia silinda ya pili linaonyesha koili ni mbovu. Kosa lililobaki silinda ya tatu linaweza kuwa ni oili iliyopakaa mpira wa koili ya pili alipoizamisha katika shimo lenye oili, na linaweza kuwa nozeli, na linaweza kuwa kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Ningeanza na kompresheni kwa sababu ndiyo kipimo kisichohitaji kununua kitu. Ikiwa silinda ya tatu iko chini kuliko wenzake, amimine kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, isipopanda, tazameni valvu.

#22 Chumvi ya Lindi

Nami bado nasimama kwenye ile soketi. Amesema ukijani upo. Ukijani kidogo leo ni ukijani mwingi baada ya masika, na soketi haikuhamishwa pamoja na koili, ilibaki pale pale silinda ya tatu, kama kosa lilivyobaki.

#23 Dada wa Tandahimba

Hoja ya ujumbe namba 22 imenishtua kwa jinsi ilivyo nyepesi na hakuna aliyeiona.

Naomba pia mwenye uzi asiendelee kupanda Newala na mzigo katika hali hiyo. Gari langu liliendeshwa likimisi kwa miezi, taa ya injini ikiwa inamemeta, na petroli isiyoungua ikaenda kuunguza masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Gharama yake ilikuwa zaidi ya koili nne mpya.

#24 Boda wa Chuno

Ukifunga plagi, injini iwe baridi. Anza kwa vidole hadi igote, halafu kwa plagi mpya ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Hedi ni ya aluminiamu, na ukiua uzi wake hutazungumza tena habari za koili. Usipake grisi kwenye nyuzi, kwa sababu inafanya mkono ubane kupita kiasi bila kujua.

#25 Mwanamikindani

Nimeifanya karatasi ya ujumbe namba 19. Baada ya robo saa sehemu kubwa ya doa ilikuwa imekauka, lakini katikati pamebaki duara dogo, kama punje ya choroko, ambalo nikiliinua dirishani linapitisha mwanga. Kwa hiyo kuna petroli na kuna oili pia. Gasketi, koili moja na mpira vimeagizwa, na vitafika Alhamisi kwa basi. Soketi nimeisafisha kwa spiriti na brashi ya meno. Kompresheni tutapima Ijumaa asubuhi kabla fundi hajafunga chochote, na mzigo wa Newala nimempa mtu mwingine wiki hii.

#26 Fundi wa Mingoyo

Upimaji huo fanyeni plagi zote nne zikiwa nje, umekanyaga mafuta hadi mwisho, na betri imejaa. Leta namba za silinda zote nne hapa, siyo ya tatu peke yake.

#27 Mzee wa Ruangwa

Na hiyo karatasi usiitupe. Iandike tarehe na kilomita, uiweke kwenye dashibodi.